Mtungi wa kimpumu nao unapimwa homa!

Leo tunaingia kilabuni, lakini msiwe na wasiwasi, hatuendi kuutwika. Tunapitia mlango wa nyuma, kule kwenye mapipa na moshi wa kuni, ambako mama zetu wanapika ulabu ambao wengi wetu tunaufahamu ukishafika kwenye kopo tu.

Hapa Mpanda, ukitoka Makanyagio ukakatisha Kashaulili mpaka Nsemulwa, pua yako itakutana na kimea tu. Kuna kimpumu, kuna komoni, kuna kangara, na kwa kuwa Katavi ni mkoa wa asali, kuna wanzuki. Wenye suti zao hucheka wakisikia majina hayo. Wacheke tu! Nyuma ya kila pipa kuna sare ya shule, kodi ya chumba na dawa ya mtoto. Pipa likichacha kabla wateja hawajaja, au likigoma kabisa kuumuka, mtaji umekwenda na maji. Unga, kuni, maji ya kununua na siku kadhaa za kazi, vyote vinaishia kwa nguruwe wa jirani. Hiyo ndiyo kasheshe ya mama muuza, na hakuna bima ya kimpumu.

Sasa swali la leo: hivi vidude vya betri vilivyojaa madukani vinaweza kumsaidia mama asimwage pipa?

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wameshafika mbali. Kule kuna watu wanaopika bia nyumbani kwa kujifurahisha tu, na wana kidude kinaitwa Tilt. Unakitumbukiza ndani ya bia, kinaelea. Sukari ikiwa nyingi, pombe ni nzito na kidude kinalala upande. Chachu inavyoila ile sukari, pombe inakuwa nyepesi na kidude kinajiinua pole pole. Kinapima na joto pia, halafu kinatuma habari zote kwenye simu. Wajerumani nao wana cha kwao, iSpindel, ambacho mtu anaweza kukiunganisha mwenyewe nyumbani. Yaani jamaa yuko sebuleni amekunja nne, anachungulia simu na kujua pombe yake imefikia wapi!

Msidhani ni mambo ya jana. Sayansi na pombe ni marafiki wa siku nyingi. Yule James Joule tuliyemkariri kwenye fizikia alizaliwa Uingereza mwaka 1818 katika familia yenye kiwanda cha bia, na alikuwa hodari mno wa kupima joto. Ile pH ya kemia iliyotutoa jasho kwenye mitihani ilibuniwa mwaka 1909 na Bwana Sørensen katika maabara ya Carlsberg, watengeneza bia wa kule Copenhagen. Kwa hiyo anayesema pombe haina elimu, mwambieni arudie kidato.

Lakini tusikimbilie kuagiza kidude cha Mzungu. Tilt ilitengenezwa kwa ajili ya bia nyepesi kama maji. Itumbukize kwenye kimpumu iliyojaa machicha uone. Itanasa kama gari kwenye tope la masika, na namba itakayokupa ni uongo mtupu. Mimi nasema mama muuza wa Mpanda anahitaji vitu vitatu, tena vya bei nafuu.

Cha kwanza ni kipimajoto cha jikoni, kile cha dijitali chenye mchuma mrefu. Hakifikii bei ya kreti la bia. Mwambie bibi wa Kifipa habari hizo, atakucheka: "We mjukuu, tangu lini mtungi ukaugua homa?" Yeye anatumbukiza kidole, anatega sikio kusikia povu linavyochemka, basi. Na mara nyingi anapatia! Ila kidole cha bibi ni cha bibi. Binti yake akipika siku bibi anaumwa, kidole hicho hawezi kukiazima.

Kipimajoto kinasaidia mahali patatu. Mahali pa kwanza ni unapotia kimea kwenye uji. Kimea ndicho kinachogeuza wanga kuwa sukari, na kazi hiyo kinaifanya vizuri kwenye nyuzi 60 hadi 65 za sentigredi. Ukikimwaga kwenye uji unaotokota, umekiua, na uji hautakuwa mtamu hata uuimbie kwaya. Mahali pa pili ni unapotia chachu au hamira. Ikikutana na nyuzi 50 inakufa, kwa hiyo ngoja uji upoe mpaka kama nyuzi 30. Mahali pa tatu ni siku zile za kuumuka. Ikikaa kwenye nyuzi 25 hadi 30 mambo ni bomba. Ikizidi 35 vile vijidudu vya ukali vinashangilia, na kesho yake una siki, huna pombe. Ndiyo maana Septemba na Oktoba, jua la Mpanda likiwa kichwani, pombe huchacha haraka, na usiku wa Juni na Julai pipa linalala doro. Ukiiona namba unajua la kufanya: gunia bichi na kivuli wakati wa joto, blanketi wakati wa baridi.

Cha pili ni kwa wapika wanzuki tu, kwa kuwa maji ya asali hayana machicha mengi. Ni kile kibomba cha kioo kinachoelea, chenye uzito chini na namba pembeni. Hakina hata betri. Kwenye maji matupu kinasoma 1.000. Tuseme maji yako ya asali yamesoma 1.060, na baada ya siku kadhaa yamesoma 1.010. Toa, utapata 0.050, zidisha kwa 131. Jibu ni kama asilimia 6 na nusu ya kilevi. Bia nyingi za chupa ni asilimia 4 hadi 6. Umeona? Mteja anayekwambia wanzuki ni juisi, mwonyeshe hesabu hiyo kabla hajazimika.

Cha tatu ndicho ninachokipenda zaidi, maana kinaifaa kimpumu yenyewe. Ni mizani ya dijitali ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi ya safari. Chachu inapokula sukari, karibu nusu ya uzito wa ile sukari inatoka kama gesi. Sasa chota ndoo moja kutoka kwenye pipa, ifunike bila kuikaza, iwe shahidi wako. Ipime asubuhi na jioni. Uzito unashuka? Kazi inaendelea. Uzito umesimama? Sukari imekwisha, waite wateja. Machicha hayaidanganyi mizani.

Na hapo kwenye kufunika, jamani, tahadhari! Usikaze kifuniko cha dumu linaloumuka. Gesi ikikosa njia, dumu linavimba kama chura, na likipasuka halichagui sura.

Haya, tumesifia vidude vya kutosha, sasa tuongee ukweli. Kuna kitu ambacho hakuna kidude kati ya hivyo kitakachokwambia. Januari 2015, huko Chitima katika jimbo la Tete nchini Msumbiji, watu walikunywa pombe ya kienyeji msibani. Wakafa watu 75. Mwanzoni mji mzima ulisema kuna mtu kaweka sumu. Uchunguzi ukaja kuonyesha kwamba unga wa mahindi ulikuwa umeharibika baada ya kulowa kwa mafuriko, ukaota bakteria anayetengeneza sumu kali. Sumu hiyo haiishi kwa kuchemshwa. Kipimajoto kingesoma vizuri, mizani ingesoma vizuri, na watu wangekufa vilevile. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya pale. Ulikuwa ni unga tu.

Kwa hiyo mama yangu, unga uliolowa, wenye ukungu au harufu ya kuvunda, usiseme "huu si wa ugali, ni wa pombe tu." Mwage. Hasara ya debe moja inalipika. Na wale wa gongo wasidhani nimewaletea dili, maana kipimajoto hakitakuondolea sumu wala hakitakutetea mahakamani.

Namalizia na kifaa cha nne, ambacho hata dukani hawakiiti kifaa: daftari la shule na kalamu. Andika siku uliyopika, unga kiasi gani, joto asubuhi na jioni, pombe ilikaa siku ngapi, wateja walisemaje. Baada ya mapipa kumi utajua kwa nini lile la tatu liliharibika. Na siku bibi akiondoka duniani na kidole chake, ufundi wake utabaki nyumbani. Wahenga hawakukosea: mali bila daftari hupotea bila habari.

Haya wapenzi, kunyweni kwa kiasi, na deni la mama muuza lipeni. Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo!