Muziki unapomfunika mwigizaji wa kike

Wasikilizaji wetu wa Uyole wametuuliza zaidi ya mara moja: kwa nini waigizaji wa kike wa Bongo Movie wanapiga kelele hivyo? Wiki hii tulichukua filamu mbili za bajeti ndogo, tukageuza kioo ukutani, tukasikiliza bila kutazama. Dakika kumi zilitosha. Tatizo linaanzia kwenye maiki.

Filamu nyingi za namna hii sauti yake inachukuliwa na maiki ya kamera yenyewe. Kamera ikiwa hatua nne mbali, mwigizaji akinong'ona kinachoingia ni upepo, jenereta na, kwa huku kwetu, malori ya barabara ya Tanzam yanayokwenda Tunduma. Mwongozaji anamwambia aongeze sauti. Anaongeza. Baada ya filamu kadhaa inakuwa mazoea, na mtazamaji anasema dada huyu hajui kuigiza.

Kisha filamu inafika kwa mhariri. Kelele za jenereta hazitoki kirahisi, kwa hiyo anazifunika kwa kinanda, wimbo uleule ukizunguka tangu mwanzo wa tukio hadi mwisho. Hapo mwanamke anaumia kuliko mwanaume. Sauti yake kwa kawaida iko juu, karibu mara mbili ya ile ya mwanaume, na kinanda mara nyingi kinapigwa palepale. Vinagombania nafasi moja, na kwenye spika ndogo za televisheni kinanda kinashinda. Sisi watu wa redio jambo hili tunafundishwa mapema kabisa: mtangazaji akianza kusema, muziki unashuka. Kwenye filamu zetu nani anaushusha?

Fikiria tukio la msiba. Riyama Ally amejijengea jina kwa miaka mingi kwa kuliza watazamaji, na kilio cha kuigiza hakijengwi na machozi peke yake. Kuna pumzi inayokatika katikati ya neno, kuna kimya kabla ya jina la marehemu kutajwa. Ukimwaga kinanda juu ya kimya kile, umefuta nusu ya kazi ya mwigizaji, na hakuna atakayejua iliwahi kufanyika.

Muziki wenyewe si adui. Filamu ya "Girlfriend" ya mwaka 2003, aliyocheza Monalisa, ilijitangaza wazi kuwa ni ya maisha na muziki, na wasanii wa Bongo Fleva walikuwamo. Vijana wengi waliifuata kwa sababu hiyo.

Kwenye mabanda ya video hali ni nyingine tena. Huko tumezoea filamu za nje "zilizotafsiriwa", ambapo msimuliaji mmoja anawasemea wahusika wote. Marehemu Derek Mukandala, yule Lufufu, aliisimulia hata "Karishika" ya Nigeria, filamu ya jini la kike. Jini anatongoza, sauti inayotongoza ni ya mzee wa kiume, na banda linacheka. Tunakiri nasi tulicheka sana. Ila uigizaji wa yule mama hatukuwahi kuusikia.

Wahindi nao wanaazima sauti, lakini kwa mpangilio. Lata Mangeshkar aliimba nyuma ya Madhubala katika "Mahal" ya mwaka 1949, na miaka 46 baadaye akaimba nyuma ya Kajol. Mwigizaji anajua sauti inayokuja, anaulegeza uso wake uifuate.

Hapa nyumbani mfano mzuri ni "Vuta N'kuvute" ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Nafasi ya Mwajuma alipewa Siti Amina, mwimbaji wa taarabu. Tunaona uamuzi ule ulikuwa na akili: mtu aliyezoea kusubiri udi na ganuni vimalize ndipo aingie, anajua kunyamaza mbele ya kamera.

Hili linatuhusu Mbeya moja kwa moja. Desemba 2021 tuzo za Tamasha la Filamu Tanzania zilitolewa hapahapa mkoani, na mabinti wengi wa huku wanaigiza kwa kamera za kuazima. Wanahukumiwa kwa sauti ambayo si yao. Maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, ikifichwa chini ya kanga, inabadilisha mengi. Na kabla ya kuondoka eneo la kazi, watu wote wanyamaze dakika moja, kimya cha mahali kirekodiwe. Mhariri atazibia mapengo kwa hicho badala ya kinanda.

Katika filamu ya pili tuliyoisikiliza, wimbo ulikatika kabla haujaanza upya. Kwa sekunde chache tukamsikia mama akivuta kamasi na kusema "mwanangu", taratibu kabisa. Tukarudisha nyuma, tukasikiliza tena. Kisha kinanda kikarudi.