Mke mwenza wangu ana magurudumu manne

Mwezi huu naomba nikutambulishe kwa mke mwenza wangu. Usishtuke. Kanizidi umri, anavuja oili, mlango wake wa nyuma unafungwa kwa kamba ya katani, na mume wangu akirudi kazini anamzunguka yeye kwanza kabla ya kuingia ndani kunisalimia. Ni Land Rover 109, ile Series III, aliyoiacha marehemu baba mkwe.

Wadada wenye waume wa mpira mnanielewa. Wa kwangu mpira hana habari nao, ila mgeni akikaa sebuleni, dakika kumi haziishi hajaanza. Oh, Land Rover zilianza 1948. Oh, bodi ni alumini kwa sababu Waingereza walitoka vitani hawana chuma cha kutosha. Oh, Defender ya mwisho ya umbo la zamani ilitoka kiwandani Solihull Januari 2016. Yote hayo yapo kichwani. Siku yangu ya kuzaliwa je? Mpaka simu imkumbushe.

Baba mkwe alikuwa mtumishi wa serikali mjini Songea, lakini kwao ni Nakapanya, wilaya ya Tunduru, upande wa kwenda Masasi. Gari alilinunua kwenye mnada likiwa limeshachoka. Enzi hizo barabara ya Songea hadi Masasi ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika, kwa hiyo kila likizo kwenda kwa bibi ilikuwa safari ya kulala njiani. Turubai, sufuria, jerikeni mbili za maji, birika moja jeusi la masizi, watoto wamepangwa nyuma kwenye vile viti vya ubavuni kama magunia. Leo sisi tunaita kempingi na tunalipia hela. Wao walikuwa wamekwama tu. Lakini muulize mume wangu utoto wake ulikuwaje, atakuambia hizo safari, basi. Shule haitaji, Krismasi haitaji.

Sasa tuje kwenye kilichonileta.

Mwaka 2024 tulikuwa tunaweka hela ya kiwanja. Kila mwezi, mimi changu yeye chake, akaunti moja. Oktoba ile kulikuwa na tamasha la Land Rover kule Arusha, mamia kwa mamia ya hayo magari yakapanga foleni mjini. Mume wangu akaniomba ruhusa ya kwenda, nikampa kwa roho safi. Akarudi na kofia, na uso wa mtoto aliyetoka Idd. Wiki mbili baadaye, natafuta leseni yangu kwenye droo, nakutana na risiti ya gia boksi. Milioni moja na laki nane. Nikafungua akaunti yetu. Unajua ulichokiona, msomaji, nami nikakiona hivyohivyo.

Sikupiga kelele. Nilinuna. Nilinuna wiki tatu, mnuno wa kupakua chakula na kuondoka. Mwisho akaja mwenyewe: "Basi tuliuze." Nikamwambia sawa. Akasema, lakini mama lazima aambiwe ana kwa ana, maana lile gari ndilo kumbukumbu ya mzee, mama akisikia kwa simu ataumia. Hapo alikuwa na haki. Tukakubaliana Desemba twende Nakapanya nalo, liwe limeaga.

Tukatoka Dar alfajiri, mimi, yeye na binti yetu wa miaka saba. Ndani ya Land Rover ukitaka kuongea lazima upige kelele, kwa hiyo ugomvi ukapumzika wenyewe. Tukavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, lile lililofunguliwa 2003, akamsimulia mtoto jinsi watu walivyokuwa wanasubiri kivuko. Tukalala Masasi. Kesho yake Mangaka tukanywa chai kwa mihogo, halafu ile kama kilomita 70 ya mwisho mpaka Nakapanya. Lami tupu! Tunakwenda mwendo wa bibi harusi, na Vitz zinatupita, tena zimejaza. Nilimwona anavyoziangalia kwenye kioo cha pembeni. Barabara iliyolifanya gari la baba yake liwe mfalme haipo tena, na Vitz hazina hata habari kuwa zimemshinda mtu.

Tukapiga hema uani kwa mama mkwe, chini ya mkorosho. Mtoto alitaka tulale porini kabisa. Majirani wakacheka, wakamwambia tembo wa huku hawajui kama wewe ni mgeni. Maana eneo lile ni njia ya wanyama kati ya Selous na Niassa ya Msumbiji, na tembo kuingia mashambani ni habari ya kawaida.

Siku ya kwanza mume wangu hakusema. Siku ya pili akaongea bei ya korosho asubuhi nzima. Mimi mkwe, siwezi kulianzisha neno kama hilo, nikabaki namkanyaga mguu chini ya meza. Jioni tunakula ugali wa muhogo, binti yetu akatutatulia: "Bibi, gari la babu linauzwa."

Kimya. Mume wangu akaweka tonge chini.

Mama akanawa mkono taratibu. "Mmechelewa," akasema.

"Mama?"

"Mwanangu, mimi gari lile silipendi. Nimelisukuma nina mimba yako. Nimelala Namtumbo siku mbili na mvua, baba yako anaimba, mimi nahesabu watoto kama wametimia. Alipofariki nikajua utaliuza kabla ya arobaini. Nikaona unalifuta vumbi, nikasema ngoja ninyamaze, nisimvunje moyo."

"Mimi nimelitunza kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu?" Mama alicheka mpaka akajifunika mdomo na kanga. Mume wangu hakucheka. Miaka tisa, mafundi, spea za Gerezani, kila Jumamosi yuko chini ya gari, kumbe mwenye kumbukumbu wala haitaki.

Kitu pekee alichokitaka ni birika. "Lile bado lipo humo?" Lipo. Mtoto akakimbia kulileta. Mama akaligeuza, akatafuta mahali lilipobonyea, akalipata, akaliweka kando yake asiseme kwa nini.

Wapenzi wasomaji, nilikuwa nimeshinda. Na sikufurahi hata kidogo, sijui kwa nini.

Usiku mvua ikashuka ile ya kusini, hema likaanza kuingiza maji, tukahamia nyuma ya Land Rover. Mtoto akalala kwenye kiti cha kushoto, sisi tukabanana cha kulia, magoti yanagongana. Mvua inapiga juu ya alumini utadhani watu wanamwaga mchele. Nikamuuliza swali ambalo ningelimuuliza zamani: wewe mwenyewe unalipenda, au ulikuwa unamtunzia mama?

Akakaa muda. "Baba hakuwa mtu wa maneno. Alichonifundisha ni spana. Nishikie hii, nipe ile. Nikiliuza sijui nitakuwa naongea naye wapi."

"Ungeniambia hivyo Oktoba nisingenuna."

"Ningekuambia ungesema kiwanja kwanza."

"Ningesema. Na bado nasema."

Akaguna. Halafu akaniuliza, "Na wewe unataka nini?" Nilishindwa kujibu haraka. Mwaka mzima nimejua nisichotaka, hilo lingine sikuwa nimelifikiria. Nikamwambia nataka hela yangu irudi, na nataka nisikutane tena na risiti kwenye droo. Gari lenyewe, nikamwambia, halijanikosea kitu.

Gari hatujaliuza. Kuna shoga yangu ananiambia nimelegea, na huenda ni kweli. Hela ya kiwanja ilirudi kwa awamu nne, ya mwisho ilichelewa wiki mbili na nilinuna siku moja tu. Tulipotoka Nakapanya hatukurudi moja kwa moja, tulipitia Tunduru tukaenda mpaka Songea, akatuonyesha nyumba waliyokaa. Kila tuliposimama alizima gari akaingia chini kuangalia oili, na mtoto akaingia naye. "Nishikie hii," nikamsikia anasema.

Mjini Songea nilinunua daftari dogo la mistari, likakaa kwenye kimeza cha mbele pamoja na fyuzi na tochi. Kila shilingi inayoingia kwenye gari inaandikwa humo, mwenye kutoa anatia sahihi. Ukurasa wa kwanza una mwandiko wake: mpira wa waipa, 8,000. Chini yake mwandiko wangu: birika jipya, 15,000.