Fomu nimesaini. Oksijeni iko wapi?

Wasee, kila Desemba simu zinajaa video za Diani na Watamu: kasa, samaki wa rangi zote, mtu anapunga mkono chini ya maji. Poa sana. Sasa niambieni, huyo mtu akipanda juu na mguu umekufa ganzi, nani anafanya nini?

Nimealikwa na kampuni kadhaa za kupiga mbizi nishuti kontenti. Zote zilinipa fomu ya kusema nikiumia ni shauri yangu. Moja tu ndiyo ilinionyesha oksijeni bila kuulizwa. Kwingine jamaa alinyooshea kidole mitungi ya mgongoni, "si hii hapa?" Zii buda. Hiyo ni hewa ya kawaida, imeshindiliwa tu. Oksijeni ya dharura ina mtungi wake, maski yake, na mtu aliyefunzwa kuitumia.

Niliacha chuo, najua mtanikumbusha, lakini haya ni mambo ya sekondari. Mita 10 chini ya maji, shinikizo ni mara mbili ya huku juu, na nitrojeni inazidi kuyeyuka mwilini. Ukipanda mbio inatoka kama soda iliyotikiswa. Viputo vinaweza kukaa kwa viungo, uti wa mgongo, hata ubongo. Dawa ya maumivu haiviondoi. Unapewa oksijeni ya asilimia 100 papo hapo, kisha unakimbizwa kwa chemba ya shinikizo.

Chemba gani? Leo inafanya kazi? Nani anapiga simu? Mkitoka Diani kwenda kisiwani Mombasa, mnangoja feri ya Likoni saa kumi na moja jioni ama mnazunguka Dongo Kundu? Bima yako inalipia mbizi? Hayo yajibiwe boti ikiwa bado imefungwa kamba.

Wa Nairobi, hii ni yenu. Mnapiga mbizi Jumapili asubuhi, mchana mko kwa SGR. Mwalimu amewaambia msipande ndege: ushauri ni kungoja angalau masaa 12 baada ya mbizi moja, 18 kama ni kadhaa. Treni hakuna anayeitaja. Na Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa yake inakaribia wepesi wa ile ya ndani ya ndege! Viputo vinapanuka ukipanda, dalili zinakukuta Emali usiku, bega linauma, na wewe unadhani ni uchovu wa wikendi. Mpango wa dharura usiofika hadi safari ya kurudi nyumbani ni nusu mpango.

Watasema ajali ni nadra. Kweli. Ndiyo maana hakuna anayekumbuka kuangalia kama mtungi bado umejaa.

Mwenye kampuni anayetaka kunijibu, karibu kwa komenti. Kuja na picha ya oksijeni yako, geji ionekane.