Jangwa linapotumbukia baharini

Msomaji, ukitajiwa pwani bila shaka utawaza minazi, madafu na maji vuguvugu. Huko Sandwich Harbour, nchini Namibia, hutapata hata kimojawapo. Ni mwendo wa kama kilomita 50 kusini mwa Walvis Bay, mji ambao Afrika Kusini iliurudishia Namibia mwaka 1994. Hapo jangwa la Namib hushuka moja kwa moja hadi Bahari ya Atlantiki, na matuta ya mchanga, mengine yakipita mita 100, yametia mguu majini.

Mchanga wenyewe ni msafiri. Mto Orange huuzoa kutoka bara na kuutapika baharini, mkondo wa Benguela huusukuma kaskazini, kisha mawimbi na upepo huurudisha nchi kavu. Mkondo huo ni baridi kwelikweli. Ndio unaoneemesha samaki, na ndio huohuo unaoinyima pwani mvua: Walvis Bay haipati hata milimita 20 kwa mwaka. Badala yake huja ukungu wa alfajiri. Kuna mbawakawa ambaye hupanda kileleni mwa tuta, akasimama kichwa chini makalio juu, matone yakamtiririka mgongoni hadi kinywani. (Enyi wanafunzi wa sayansi, hii si ngano.)

Sasa tuje kwenye safari. Mahali hapa pamo katika Mbuga ya Namib-Naukluft, hivyo kibali ni lazima, na gari liwe la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Njia ni ule ukanda mwembamba kati ya tuta na mawimbi. Maji yakijaa, njia haipo tena. Gari likikwama wakati huo, huku kuna ukuta wa mchanga usioparamika, kule bahari inakuja. Siku za bamvua ndio usiseme! Ewe mzazi mwenye watoto garini, sikubaliani nawe kabisa ukitaka kuokoa senti kwa kujiendeshea. Chukua dereva wa huko anayejua saa za maji kupwa, naye ndiye atakayepunguza upepo wa magurudumu kabla ya kuingia mchangani.

Mkifika, mtaona heroe na mwari kwenye wangwa, na bweha wakizurura ufuoni. Kuogelea, hapana. Lakini kupanda tuta kwa miguu na kuteleza kwa makalio hadi chini, hilo watoto watalidai mara tatu. Bebeni sweta, maji ya kunywa na kitambaa cha kufunikia kamera, maana mchanga ule huingia hata penye kifuniko.