Paa la boksi linaidanganya stesheni

Leo nitasema jambo linalonikera kwenye modeli za reli: mapaa. Utakuta kijana kajenga stesheni ndogo ya mfano wa zile za zamani za Reli ya Kati. Kuta safi, madirisha kayachonga kwa wembe. Halafu juu kabandika kipande cha boksi lililobanduliwa karatasi ya juu, anakwambia hayo ni mabati. Mimi nasema hapana.

Tupige hesabu. Skeli maarufu ya Uingereza ni 1:76, yaani milimita 1 ya modeli ni milimita 76 za jengo lenyewe. Bati la migongo midogo lina inchi 3 toka mgongo hadi mgongo, sawa na milimita 76. Kwa hiyo kwenye modeli migongo iachane milimita 1 tu. Mikunjo ya boksi la kawaida imeachana kama milimita 7. Zidisha kwa 76: zaidi ya nusu mita! Bati gani hilo ambalo mtu mzima anaweza kulala kwenye bonde lake?

Wapo watakaosema hayo ni madogo. Si madogo. Modeli hutazamwa kutoka juu, kwa hiyo paa ndilo linaloonekana kwanza. Paa likidanganya, hata kuta nzuri haziaminiki tena.

Na bati lina historia yake. Mwingereza Henry Palmer alilipatia hataza mwaka 1829, na mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata hataza ya kupaka chuma zinki kisipate kutu. Reli ya kutoka Mombasa ilipofika Nairobi mwaka 1899, mji ulianza kwa majengo ya mabati. Sababu ni wazi: bati ni jepesi kusafirisha, hufungwa haraka, na mchwa halili. Kulibadilisha kwa paa la vigae linalokuja na vifurushi vya nyumba za Kijerumani ni kuihamisha stesheni yako kwenda Bavaria.

Dawa ipo na ni rahisi. Chukua bolti ndefu ya M6, ile ya spana namba 10. Meno yake yameachana milimita 1 kamili. Tandaza foili nene ya vyombo vya chakula juu ya raba laini, kisha viringisha bolti huku ukikandamiza. Mistari itaenda upande kidogo, kwa hiyo kata baadaye ukiifuata. Ukijenga kwa skeli ya 1:87, bolti ya M5 yenye meno ya milimita 0.8 inakaribia zaidi.

Usifunike paa zima kwa kipande kimoja. Bati la futi 10 kwenye 1:76 ni milimita 40. Kata moja moja, yapandane kama fundi anavyoezeka, umalizie na kofia. Paka kijivu kisichong'aa, kutu uiweke kwenye misumari na kwenye maungio, maana huko ndiko hupenda kuanzia.

Kwa nini nahangaika hivi? SGR ya Kenya ilianza kubeba abiria mwaka 2017, ya Tanzania mwaka 2024. Sina ugomvi nazo, nazipanda. Lakini mtoto anayekua leo atadhani stesheni ni vioo na zege tangu enzi. Sisi waandishi hupiga picha stesheni ya zamani siku ya ajali au ya mgeni rasmi, tena kutoka chini, paa halionekani. Anayejenga modeli anaweza kuwa ndiye pekee aliyeihesabu migongo ya bati lile. Akikosea, kumbukumbu itabaki na kosa lake.

Boksi tuwaachie wenye maduka. Stesheni tuiezeke kwa bati lake.