Mlango Usio na Ufunguo

Mji wa mpakani ni mji wa wapitao. Hapo Holili, wilayani Rombo, ndipo barabara itokayo Himo inapovuka kuelekea Taveta. Na tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa rasmi mwaka 2016, maofisa wa Tanzania na wa Kenya hufanya kazi bega kwa bega. Katika mji wa namna hii, mpangaji wa leo ni karani wa wakala wa forodha, wa kesho ni dereva wa lori. Kila aondokaye hurudisha ufunguo, lakini nani ajuaye kama hakuchongesha mwingine? Mwenye nyumba mwangalifu hana budi kung'oa kitasa kizima na kuwagawia waliosalia funguo mpya.

Hapo ndipo kitasa cha namba na kadi kinapostahili bei yake. Si kwamba mwizi hawezi kukivunja. Mlango dhaifu ni dhaifu tu, hata ukiuvisha umeme. Faida yake ni kwamba ruhusa ya mtu mmoja yaweza kufutwa bila kuwasumbua wengine. Kadi nyingi hazina betri. Kadi ikisogezwa karibu na kisomaji, mawimbi ya redio yatokayo humo huiamsha, nayo hutaja namba yake. Fikra hii si ngeni: Mmarekani Charles Walton alipata hati ya uvumbuzi wa mlango wa namna hiyo mwaka 1973.

Basi fundi asifunge mfuko wake wa zana kabla hamjabadilisha namba kuu, ile ya kukiamrisha kitasa. Iliyotoka kiwandani, aghalabu 123456 au mfano wake, imechapwa katika kijitabu ambacho kila mnunuzi anacho.

Kisha kila mtu apewe namba yake au kadi yake. Wengi huweka namba moja kwa nyumba nzima, na kwa kufanya hivyo huiua faida yote niliyoitaja. Tena vitufe vinavyobonyezwa kila siku huchakaa. Namba ya tarakimu 4 ina njia 10,000. Lakini mgeni akiona vitufe 4 tu vimefutika, zimebaki njia 24.

Andikeni daftari: jina la mtu, na nafasi aliyopewa ndani ya kitasa. Kadi iliyopotea haiwezi kuletwa ili ifutwe. Yafaa ifutwe kwa nafasi yake. Asiye na daftari hulazimika kufuta zote na kuanza upya. Na mjue kwamba kadi za aina ya zamani hunakiliwa kwa dakika chache, hivyo mlango wa ghala au wa chumba cha fedha udai kadi na namba kwa pamoja.

Bibi mzee apewe kadi, si namba ya kukariri. Yaya akiacha kazi, kadi yake ifutwe siku ileile. Huko si kumdhania wizi. Ni kumkinga pia, maana kitu kikipotea mwezi ujao hakuna atakayemnyooshea kidole.

Lakini la kutisha zaidi ni moto. Kitasa cha sumaku hushika kwa nguvu ya umeme. Umeme ukikatika, nacho huachia, na nyumba hubaki wazi iwapo hakuna betri ya akiba. Kipo kingine ambacho umeme ukikatika hubaki kimefungwa. Hicho hakifai kabisa kwa nyumba ya watoto, isipokuwa kina mkono wa ndani unaofungua bila umeme, bila kadi na bila namba. Msimlipe fundi kwa kuambiwa tu kwamba upo. Fungeni mlango usiku, zimeni swichi kuu, tena tenganisheni na betri, kisha mwacheni mtoto wa miaka saba aufungue mwenyewe gizani.