Ngoma ikikatika, usikimbilie kununua kifurushi kikubwa

Sisi vijana wa mtaani tunajua sana kulalamikia WiFi. Ngoma ikikatika kwenye kiitikio tunaitukana kampuni, tunazima na kuwasha rauta, kisha mwisho wa mwezi tunahamia kifurushi cha bei zaidi. Pesa inaenda, ngoma bado inakatika. Msimamo wangu ni huu: kwenye ploti zetu zilizobanana, mara nyingi shida si kasi tunayolipia. Ni msongamano wa hewani, na huo hauondoki kwa M-Pesa.

Piga hesabu. Wimbo wa ubora mzuri, kilobiti 320 kwa sekunde, ni mzigo mdogo sana. Laini ya megabiti 5 inaweza kubeba zaidi ya nyimbo kumi kama huo kwa wakati mmoja. Kama inashindwa na wimbo mmoja tu na hakuna mwingine anayeitumia, megabiti 20 zitakusaidia nini?

Sasa ukiwa Pipeline, Roysambu au Zimmerman, fungua orodha ya WiFi kwenye simu. Utaona majina mpaka uchoke kusogeza kidole. Nyingi ziko kwenye masafa ya gigahazi 2.4, ambayo yamegawanywa kwa chaneli zinazopandana. Chaneli 1, 6 na 11 pekee ndizo zinazoweza kukaa pamoja bila kugusana.

Rauta zina adabu yake. Kabla ya kuongea, kila moja husikiliza kama kuna nyingine inaongea. Zikiwa chaneli moja hupeana zamu. Lakini jirani akijiweka chaneli 3, anaharibia walio kwenye 1 na walio kwenye 6. Wao humsikia kama kelele tu. Na maikrowevu haina adabu hata kidogo. Inapasha chakula kwa masafa hayohayo, na mawimbi machache yakivuja, yanatosha kusumbua WiFi iliyo karibu. Bluetooth ya spika yako nayo inapita hapohapo.

Kwa hivyo kabla ya kulipa, pima. Kwanza, cheza wimbo ulio ndani ya simu, data na WiFi zikiwa zimezimwa, kupitia spika ya Bluetooth. Ukikatika, intaneti haina makosa. Sogeza simu karibu na spika au tumia waya. Pili, washa WiFi na ucheze wimbo wa mtandaoni ukiwa umekaa kando ya rauta. Ukicheza poa hapo lakini ukakwama chumbani, mlaumu umbali na ukuta wa mawe. Tatu, chomeka kompyuta kwa kebo na upime kasi. Ikiwa chini hata kwa kebo, hapo sasa ipigie kampuni, na uwe mkali.

Tiba zenyewe ni za bure. Toa rauta nyuma ya TV na uiweke juu, mahali wazi. Ingia kwenye mipangilio yake, uchague chaneli 1, 6 au 11, ile yenye watu wachache, na upana wa megahazi 20, si 40. Kama rauta na simu yako zinakubali gigahazi 5, hamia huko na uiachie Bluetooth ile 2.4. Watu huyalaumu masafa haya kwa kuwa hayapenyi kuta vizuri. Kwa anayeishi bedsita, hiyo ni baraka: rauta iko mita chache tu kutoka kitandani, na kelele za jirani zinaishia ukutani kwake.

Lakini mzigo huu usiachiwe mteja peke yake. Fundi anayekuja kufunga laini asiridhike kukuuliza jina la WiFi na kuondoka. Aangalie chaneli za ploti, akuelekeze mahali pa kuweka rauta, na akuachie nenosiri la mipangilio. Na mhudumu wa simu asikushauri kupanda kifurushi kabla hajakuuliza kama umepima kwa kebo. Kumuuzia mtu kasi asiyoihitaji ni kumla tu.

Na sisi majirani pia tujipange. Grupu ya WhatsApp ya ploti tunaitumia kugombania maji, takataka na geti. Tuongeze swali moja: nani yuko chaneli gani? Floo moja ikikubaliana kugawana hizo tatu, kila mtu atasikia tofauti, na hakuna atakayetoa hata shilingi. Hewa ni ya wote, kama vile ngazi. Ukiziba ngazi kwa makochi yako, hata wewe hupiti.